Mzee Atakaa kwa Nani?

Leo ninazungumza nawe mama unayemtunza mzee nyumbani, awe ni shosho au kogo, mzazi wako au mama mkwe.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Nikimpeleka kwenye makao ya wazee, si watu watasema nimemtupa?" Kabla ya kulijibu, turudi nyuma kidogo, maana hapa kwetu Nakuru jambo hili lina historia yake.

Tunapenda kusema kwamba zamani kila mzee alizeekea bomani kwake, akizungukwa na wajukuu. Kwenye ardhi ya ukoo mara nyingi ilikuwa hivyo. Lakini babu na bibi wa wengi wetu walizeekea shamba la mzungu. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kulima kipande chake na kuchunga mifugo. Hakuhesabiwa kuwa mpangaji, alikuwa kibarua tu. Sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza mifugo hiyo na kuongeza siku za kazi.

Sasa fikiria, mama. Mgongo ukishapinda na jembe likashindikana, mzee huyo atakaa kwa haki gani? Alimtegemea mtoto mwenye kazi. Mtoto akifukuzwa, mzee naye hukunja blanketi lake. Familia zilizopelekwa Olenguruone mwaka wa 1941 zilikuwa zimefukuzwa tena kufikia 1950, wazee kwa watoto wachanga.

Baada ya Uhuru, watu walichangishana pesa katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba, kule Njoro, Bahati na Molo. Kwa mara ya kwanza wazee wengi wakapata mahali pao pa kuzeekea. Haikudumu kwa wote. Mashamba yaligawanywa yakawa madogo, vijana wakahamia vyumba vya kupanga Kaptembwa na Rhonda, na vita vya 1992 na vya mapema 2008 vikawahamisha wengine. Wazee walilala kwenye mahema uwanja wa maonyesho wa Nakuru.

Kwa hiyo mzee kukosa mtu wa kukaa naye si jambo lililoletwa na wake wa siku hizi, kama wengine wanavyopenda kusema.

Na makao ya wazee je? Hapa Nakuru tuna Alms House, jina lenye maana ya nyumba ya sadaka. Kasarani, Nairobi, kuna Nyumba ya Wazee ya watawa ambao shirika lao lilianza Ufaransa mwaka wa 1839, pale Jeanne Jugan alipomchukua mama mzee kipofu akampa kitanda chake mwenyewe. Makao kama hayo yalianzishwa kwa ajili ya wasio na mtu. Kumpeleka huko mzee mwenye watoto sita ni jambo jingine, na mimi ningeuliza kwanza hao sita wako wapi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Familia, haikusema mkaza mwana peke yake. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa waliofika miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi huchelewa. Haziwezi kumlipa msaidizi.

Basi iteni kikao. Anayeishi mbali atume pesa ya nepi na dawa, aliye karibu aje Jumamosi ili wewe ulale. Mzee asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa takriban kila saa mbili, usiku pia, na mtu mmoja hawezi kufanya hivyo mwezi mzima. Kila asubuhi angalia visigino, nyonga na juu ya makalio. Ukiona ngozi imebadilika rangi, usipasugue. Mlaze upande mwingine, na umwite mhudumu wa afya kabla hapajafunguka kidonda.