Kisu mfukoni: sheria yetu haipimi inchi

Video za visu vya mfukoni zimejaa mtandaoni, na kila mtu anasema "chini ya inchi 3 uko sawa." Mazee, hiyo ni Uingereza! Sheria yao ya 1988 ndiyo iliweka kipimo hicho kwa visu vya kukunja.

Sisi tuko na Penal Code ya wakoloni, ya 1930. Kifungu cha 88 hakitaji urefu. Kinashika mtu anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu, bila sababu halali. Ndiyo maana panga la mkulima anayeenda shambani Werugha halishtui mtu, lakini kisu kidogo ukikichomoa kwa hasira stejini Voi, umejitafutia kesi. Public Order Act ya 1950 nayo ikakataza silaha kwenye mikutano ya hadhara na maandamano.

Kwa hivyo chagua kidogo, cha kukunja, cha kukata kamba za magunia ya kabichi, si cha kujionyesha. Kazi ikiisha, kiache nyumbani. Ukipanda SGR Voi, mzigo unakaguliwa. Polisi akikuuliza "cha nini?", jibu lako ndilo muhimu, si rula.