Godelieve, mpendwa wa Mungu

Mururu, upande wa Rwanda wa mto Rusizi, ukitazamana na Kongo, ni pande ambazo wamisionari wa Kanisa Katoliki walifika mapema: parokia ya Mibilizi, iliyo wilaya hiyohiyo ya Rusizi, ilianzishwa mwaka 1903. Mkoloni wakati huo alikuwa Mjerumani, lakini jina Godelieve, linalobebwa Rwanda hadi leo, halikutoka kwake. Ni la Flandria, Ubelgiji ya leo.

Lina vipande viwili vya Kigermanik cha kale: "god", Mungu, na "lief", mpendwa. Waswahili wa pwani wanaye Habiba, ingawa yeye hatajiwi ampendaye.

Aliyelipa jina sifa alipendwa na wachache nyumbani kwake. Godelieve wa Gistel aliozwa kwa Bertolf; mume akamchukia, mama mkwe akamtesa, na mwaka 1070 watumishi wakamnyonga kwa amri ya mume. Mwaka 1084 akatangazwa mtakatifu. Kumpa binti jina la mke aliyeuawa na mumewe kwahitaji imani, au kutokujua kisa.

Siku hizi kwao Flandria wazazi hawalitoi kwa watoto kama zamani. Rwanda linaendelea kubebwa: Godelieve Mukasarasi, mwanzilishi wa shirika la SEVOTA, alitunukiwa na Marekani mwaka 2018 tuzo ya wanawake jasiri. Tena Mnyarwanda halihitaji ili kumtaja Mungu; Uwimana, yaani wa Mungu, ni jina analolikuta kila kijiji.