Picha ya Kilwa na kumbukumbu ya waliokimbia makwao

Je, mahali pa kale panapoliwa na maji panaweza kuokolewa kwa picha? Swali hili linawagusa wakaaji wa Kalemie. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi likaingia katika nyumba na barabara za karibu na ufuko.

Kilwa Kisiwani, kwenye pwani ya Tanzania, wamekwisha kujaribu. Mji huo ulitajirika kwa biashara ya dhahabu, na Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331. Leo yamebaki magofu: Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa, ngome ya Gereza. UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ukawekwa kati ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilibomoka na bahari ilikula ufuko. Kuta zilitengenezwa, na mwaka 2014 ukatolewa katika orodha hiyo.

Wataalamu wa Zamani Project, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walipima magofu hayo kwa miale ya leza. Mwaka 2020 CyArk, Google na ICOMOS wakaiweka Kilwa kwenye intaneti. Sasa mtu anaweza kuyazunguka magofu akiwa kwake. Kwa miwani ya uhalisia pepe, picha ya namna hiyo humfanya mtu ajione kama amesimama ndani ya msikiti.

Kwa mtalii, hicho ni kionjo kabla ya safari, ama faraja akikosa nauli. Safari yenyewe ina jua, mashua na maneno ya mwongozaji. Tena mwenye mashua hapati kitu kwa anayetazama akiwa nyumbani.

Kwa waliokimbia vita, jambo ni lingine. Jamaa zilizotoka Nyunzu na Manono katika vita vya 2016 na 2017 ziliacha vijiji, makaburi na makanisa. Kwao picha ya mahali ni ushahidi: hapa tulikaa, hapa tulizika wazee wetu.

Lakini leza hupima ukuta tu. Haijui nani aliujenga wala kwa nini. Hayo wanayo wazee, na hao hawangoji miwani. Simu ya kawaida inatosha kurekodi sauti ya bibi akitaja majina ya vijito, mashamba na watu wa kijiji chake. Sauti hizo zikusanywe sasa, wenyewe wangali hai.