Herufi za Risasi na Vioo vya Kichogo: Historia ya Mionzi ya Skrini kutoka Kipalapala

Kipalapala, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, ni mahali pa kusoma na kuchapa kwa muda mrefu. Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walifungua hapo kituo cha kulea watoto waliokombolewa utumwani mapema katika miaka ya 1880, karibu na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji. Kituo kilifungwa 1889, lakini Kanisa lilirudi, na karne ya 20 ikaleta Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo pamoja na kiwanda cha uchapaji cha TMP, Tanganyika Mission Press, ambacho jina lake limo kwenye majalada ya vitabu vingi vya Kiswahili. Kazi ya maandishi haifanyiki gizani. Kila taa na kila kioo kilichomulika kazi hiyo kilikuwa chanzo cha mionzi ya sumakuumeme, na historia ya vyanzo hivyo inaonyesha kwamba hofu ya watu na hatari halisi hazikuwa mahali pamoja kila mara.

Kabla ya umeme kulikuwa na koroboi, kandili na, kwa wenye uwezo, karabai. Mwanga wa koroboi ni hafifu na hauna madhara kwa seli. Kilichodhuru ni moshi, uliojaza masizi puani na mapafuni. Karabai ilikuwa na jambo la pekee. Kitambaa chake cha wavu, kile kinachong'aa kwa weupe mkali, kilitengenezwa tangu miaka ya 1890 kwa kuloweshwa chumvi za thoriamu, madini yenye mionzi ya asili. Kiasi kilikuwa kidogo, na mtu aliyesoma chini ya karabai hakupata madhara ya kupimika. Hatari ilikuwa kwenye vumbi la kitambaa kikuukuu kinapovunjika na kuvutwa kwa pumzi. Hata hivyo, kwa tabia ya mionzi yenyewe, taa hiyo iliyoangaza madarasa na vilinge vya jioni ilikuwa na uwezo wa kugusa kiini cha seli kuliko skrini yoyote ya leo.

Uchapaji nao ulikuwa na sumu yake. Katika viwanda vya zama hizo herufi zilisubiwa kwa aloi ya madini ya risasi, bati na antimoni. Mpangaji alizichukua moja moja kwa vidole, akazipanga kinyumenyume kwenye fremu, na zilizochakaa zikarudishwa kuyeyushwa. Risasi ikiingia mwilini hujifanya kalsiamu: hujificha kwenye mifupa, huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza damu na kuvuruga neva. Wapiga chapa wa Ulaya waliugua kwa sababu hiyo kwa karne nyingi, na haya si madai ya kukisia. Risasi hiyo hiyo ikaja kuwa kinga katika skrini za bomba, ambazo historia yake inaanzia Ujerumani.

Januari 1893 Wajerumani waliteka boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, na Tabora ikawa chini ya utawala wao. Haikutimia miaka mitatu, Novemba 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg. Mwaka 1897 Karl Ferdinand Braun, naye Mjerumani, akatengeneza bomba la kioo ambalo ndani yake miale ya elektroni inachora nuru. Vyombo vyote viwili vilizaliwa katika maabara za aina moja, kwenye mabomba yaliyotolewa hewa na kupitishiwa umeme mkali. Cha kwanza kikawa mashine ya kupiga picha za mifupa, cha pili kikawa runinga. Undugu huo ndio mzizi wa hofu ya skrini, na hofu hiyo haikuwa ya upuuzi.

Ndani ya TV ya kichogo, yaani ile yenye bomba la Braun, umeme wa volti 20,000 hadi 30,000 huzirusha elektroni kutoka nyuma ya bomba hadi kwenye kioo cha mbele kilichopakwa unga unaong'aa. Zinapogonga na kusimama ghafla, sehemu ndogo ya nguvu zake hugeuka eksirei. Kwa hiyo kioo kilichanganywa risasi, bariamu au strontiamu ili kuimeza mionzi hiyo kabla haijatoka. Mwaka 1967 ilibainika Marekani kwamba makumi ya maelfu ya runinga za rangi za kampuni ya General Electric zilivujisha eksirei kupita kiasi, kosa likiwa kwenye vali ya kudhibiti volti iliyokosa kinga ya kutosha. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya udhibiti wa mionzi ya vyombo vya umeme. Kikomo kilichotumika kilikuwa nusu ya milirontgeni (kipimo cha eksirei) kwa saa, kikipimwa sentimeta 5 kutoka kwenye seti, na watengenezaji waliokitii walitoa vyombo ambavyo mionzi yake haikutofautishwa kirahisi na ile ya asili iliyoko ardhini na angani.

Tabora haikuwa na sehemu katika kisa hicho. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu ilikuwa uchumi: fedha za kigeni zilikuwa haba, na uongozi wa Mwalimu Nyerere haukutaka anasa za mjini zikipite kijiji. Afya haikuwa hoja. Hata hivyo matokeo yake kiafya ni dhahiri: vioo vya kichogo vilipoenea bara miaka ya 1990, vilikuwa vimeshatengenezwa chini ya masharti ya usalama kwa robo karne. Wakati huo nchi ilikuwa na sheria yake pia. Sheria ya Kinga ya Mionzi ya 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na Sheria Namba 7 ya 2003 ikaigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Kazi yake kubwa, kwa haki kabisa, imekuwa kwenye mashine za eksirei za hospitali, migodi na vyakula.

Marufuku ilipolegea, pamoja na kompyuta za ofisini kukaja vioo vya kukinga, vilivyoning'inizwa mbele ya skrini kwa ndoano mbili. Viliuzwa kwa jina la kuzuia mionzi, na wajawazito waliambiwa wasikae bila hivyo. Chanzo cha tahadhari hiyo kilikuwa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, ambako katika miaka ya 1980 kulitokea makundi ya wanawake walioharibikiwa mimba wakifanya kazi kwenye kompyuta. Uchunguzi mkubwa wa taasisi ya afya kazini ya Marekani, uliochapishwa 1991, ulilinganisha wapokea simu waliotumia skrini na wenzao wasiotumia, jumla ya mimba 882, na haukupata tofauti. Kioo cha kukinga kilipunguza mng'ao na kuyapumzisha macho. Hilo ni jema, ila si kinga ya mimba.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuangalia kipimo cha nguvu katika chembe moja ya mwanga. Kuing'oa elektroni kutoka kwenye molekuli za seli kunahitaji elektroni-volti 10 hivi. Eksirei ina maelfu. Mwanga unaoonekana, ambao ndio skrini hutoa zaidi, una kati ya 1.6 na 3.3. Mawimbi ya simu yana sehemu chache tu kwa milioni za elektroni-volti moja. Kuongeza wingi wa chembe dhaifu hakuzifanyi ziwe na nguvu. Huongeza joto tu. Kwa sababu hiyo vikomo vya simu huwekwa kwa kipimo cha joto linaloingia mwilini, kama vile wati 2 kwa kilo ya tishu kichwani. Mei 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, daraja linalotolewa ushahidi unapokuwa mchache.

Mionzi inayovunja seli za watu wa Tabora kila siku inatoka juani. Mji uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi, na hewa iliyo juu yake haichuji miale ya urujuanimno vya kutosha. Miale hiyo huunganisha herufi mbili jirani za DNA pasipostahili. Seli hurekebisha kasoro hizo nyingi, na zinazobaki zinaweza kuwa chanzo cha saratani ya ngozi. Melanini huwakinga wengi. Wasio nayo ni watu wenye ualbino, ambao Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 1,400 hivi, na kwao suala hili ni la uhai. Krimu ya Kilisun, iliyoanza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili yao, imeokoa ngozi nyingi. Inasikitisha kuona mzazi akimnyang'anya mtoto simu kwa kuogopa saratani, kisha akamwacha acheze kichwa wazi saa saba mchana.

Skrini bapa zimefuta suala la eksirei kabisa: hazina bomba wala volti nyingi. Zina mwanga tu, ukiwemo wa buluu. Nguvu ya mwanga huo ni ndogo. Mara nyingi uso wa mtu aliye karibu na skrini hupata lukisi (kipimo cha mwangaza) zisizofika mia, ilhali jua la mchana huleta 100,000. Seli za retina haziharibiki kwa kiasi hicho.

Athari yake inapitia njia nyingine. Mwaka 2002 watafiti walithibitisha kwamba baadhi ya seli za retina zina rangi iitwayo melanopsini, na kazi yake ni kuujulisha ubongo kama kumekucha au kumekuchwa. Hizo huisikia buluu kuliko rangi zote. Zikipata buluu usiku, tezi ya ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayotangaza usiku kwa seli za ini, moyo na mishipa, ambazo kila moja ina saa yake. Tabora jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, tofauti ikiwa ya nusu saa hivi, na mwili umezoea hivyo. Utafiti wa Boston uliochapishwa 2015 uliwapa watu 12 kitabu cha skrini kwa saa nne kabla ya kulala, siku tano mfululizo, na siku tano nyingine kitabu cha karatasi kwa muda uleule. Waliposoma kwenye skrini, melatonini ilichelewa saa moja na nusu, usingizi ukachelewa, na asubuhi hawakuamka wachangamfu. Mwanga uliofanya hivyo ulikuwa hafifu, na ndiyo maana kupunguza mng'ao wa simu na kuiweka mbali na uso saa moja au mbili kabla ya kulala hupunguza athari hiyo.