Herufi F kwenye Vitz: ni nani aliyechagua gari la mama?

Nimekuwa kimya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi (kuna mteja hawezi kuamua anataka nini, mnajua hayo). Ya pili ni kwamba kwa miezi miwili Jumamosi zangu zote zimeishia kwenye yadi za magari hapa Nyeri. Mama alistaafu ualimu, akapata malipo yake ya mkupuo, akaamua kwamba sehemu ya pesa hizo itanunua gari dogo. Nyumbani ni Tetu, kilomita chache za murram kutoka kwenye lami, na mvua ikikolea hata watu wa bodaboda hukataa kupanda ule mlima. Pesa zenyewe zikipotea hazirudi. Ni chaki ya miaka zaidi ya thelathini. Basi kijana aliyesomea kompyuta akapewa kazi ya kuchagua.

Katika yadi moja kando ya barabara ya King'ong'o tulikuta Vitz mbili nyeupe, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Moja ilizidi nyingine bei kwa shilingi 150,000. Macho yangu yalienda kwa ile ghali: RS, rimu za aloi, bampa pana, usukani wa ngozi. Mwuzaji akasema, "Hii ina kila kitu, mama. Hiyo nyingine ni F tu."

Mama akanigeukia. Mimi ni kijana wake wa pili na nina jina la baba yake, kwa hiyo huniita baba. "Baba, shuleni sisi tuliishia E. Huyu wa F alifeli vipi?"

Tulicheka sote, lakini jibu sikuwa nalo. F ni nini? Nani aliiweka? Na kwa nini magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja yatofautiane bei namna hiyo? Nilienda kusoma, na nilichokipata ni historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Tuanze mbali kidogo. Ford Model T ilitoka mwaka 1908, na kati ya 1914 na 1925 ungeipata kwa rangi nyeusi tu. Hoja ya kiwanda ilikuwa rahisi: kila tofauti unayoongeza inapunguza kasi ya kuunda. Wanunuzi wakamalizia kazi wenyewe, na biashara kubwa ikazuka Marekani ya kuuza vifaa vya kufunga kwenye Model T baada ya kuinunua. (Fundi wako wa Ruring'u anayeuza bampa na taa za ukungu ana mababu wa mbali.) Kisha Alfred Sloan akawa rais wa General Motors mwaka 1923. Yeye alipanga magari kama ngazi, Chevrolet chini na Cadillac juu, na sura mpya kila baada ya muda, ili mtu asiache kutamani kidato cha juu yake. Model T ilikoma 1927. Tangu hapo kuuza gari kumekuwa pia kuuza nafasi kwenye ngazi.

Japani walijifunza jambo hilo kwa maumivu. Mwaka 1961 Toyota ilitoa Publica, gari dogo la bei nafuu lenye injini ya 700cc, bila redio wala hita. Kwenye karatasi lilikuwa sahihi kabisa. Sokoni halikwenda kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mtu anayenunua gari la kwanza maishani mwake hataki jirani aone kwamba amenunua la kimaskini. Mwaka 1963 ilikuja Publica Deluxe yenye redio, hita na viti vya kulaza, na mauzo yakapanda. Mhandisi mkuu wa gari hilo, Tatsuo Hasegawa, alilibeba somo hilo hadi kwenye Corolla ya 1966, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na gredi: Standard, Special na Deluxe. Herufi F ya mama ni mjukuu wa uamuzi huo. Vitz ilipotoka 1999 ilirithi utaratibu ule ule. Katika Vitz za kizazi cha tatu, zilizoanza Desemba 2010, utakutana na F ya kawaida, Jewela na U zenye madoido zaidi, na RS ya wapenda mbio.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tulichagua lini?

Kwa kweli ni mara chache. Miaka ya 1970 Kenya ilijenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari, serikali ikiwa na hisa: Leyland pale Thika (leo ni Kenya Vehicle Manufacturers), General Motors pale Nairobi (tangu 2017 ni Isuzu East Africa), na Associated Vehicle Assemblers pale Mombasa. Gari lilikuja vipande vipande ndani ya makasha, na baadhi ya vitu vikaongezwa kutoka viwanda vya humu nchini, kama betri, springi, vioo na rangi. Kiwanda kinachounda magari machache hakiwezi kumwuliza kila mteja anataka nini. Ulichukua kilichounganishwa.

Watu wazima wa huku Mlima Kenya watakuambia habari za Pijo, yaani Peugeot 504, ambayo nayo iliunganishwa hapa Kenya. 504 ilikuwa na gredi zake. GL ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayopanda na kushuka kila moja peke yake. L ya bei nafuu ilikuwa na ekseli moja ngumu inayoyaunganisha. Ile ndefu ya safu tatu za viti, iliyobeba watu kati ya Nyeri na Nairobi, nayo ilikuwa na ekseli ngumu, na ndiyo iliyofaa kwa mizigo. Tazama hapo: anayetafuta raha angechagua moja, anayetafuta riziki angechagua nyingine, na wa pili hakuwa mjinga hata kidogo.

Tulijaribu pia kuchagua kila kitu sisi wenyewe. Mwaka 1986 Rais Moi aliuomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Tarehe 27 Februari 1990 Nyayo Pioneer zilionyeshwa Kasarani. Yaliundwa magari matano ya majaribio, na karakana za reli zilishiriki katika kazi hiyo. Hayakuwahi kufika sokoni.

Mapema miaka ya 1990 milango ya uagizaji ikafunguliwa na mitumba ya Japani ikaingia. Baadaye kiwango cha KS 1515:2000 kikaweka mpaka: gari lisizidi miaka minane na usukani uwe kulia. Ushuru nao ulipendelea injini zisizozidi 1500cc. Ukijumlisha hayo mawili unapata Vitz, Demio na Fielder kwenye kila maegesho kuanzia Karatina hadi Nanyuki. Tunasema tunapenda magari madogo, lakini sehemu kubwa ya upendo huo iliandikwa kwenye jedwali la ushuru.

Na hili ndilo jambo nililotaka kulisema. Gari la mtumba lina gredi iliyochaguliwa na Mjapani fulani, dukani kwake, kwa ajili ya barabara yake. Yeye aliulizwa. Sisi tunarithi majibu yake.

Majibu hayo unayaona kila siku. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi iliishia 90. Yetu ni 87.5 hadi 108. Ndiyo maana tunafunga ekspanda inayoshusha masafa: ukiwa na ya megahezi 20, stesheni ya 100 unaipata kwenye 80. Kuna redio za ramani ambazo ukitoa betri zinajifunga na kudai msimbo. Binamu yangu wa Karatina alibadilisha betri asubuhi, na mpaka leo redio yake inamwonyesha maandishi ya Kijapani asiyoyaelewa. Kuna mfumo wa kuzima injini gari likisimama, mzuri kwa foleni za Tokyo, lakini betri yake ni ya aina maalumu na ya bei. Na kuna magari ya maeneo ya baridi kama Hokkaido, yenye betri kubwa na hita kali, ambayo kwa chini huenda yameliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji.

Hata hapa kwetu, anayechagua si mnunuzi kila mara. Kuanzia Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, kila matatu ililazimika kuwa na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Hizo zilikuwa nyongeza ambazo hakuna mwenye gari aliyeziomba, na abiria wengi waliokoka kwa sababu yake. Magari mapya nayo yana masomo yake. Mobius II, iliyoundwa Kenya katika miaka ya 2010, iliondoa vitu vingi, kiyoyozi kikiwamo, ili bei ishuke. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga, ingawa baadaye mnunuzi alijitokeza. Desemba 2016 Volkswagen ilianza kuunganisha Polo Vivo pale Thika kwa vipande vya Afrika Kusini. Lilikuwa gari dogo jipya kabisa, lakini kwa bei yake mtu wa kawaida wa Nyeri alipiga hesabu na kurudi kwenye yadi ya mitumba. Somo la Publica halijazeeka.

Basi mtu afanye nini? Nilijiwekea kanuni moja, ya kitaaluma kidogo. Gawanya sifa za gari mara mbili: zilizochomelewa kiwandani na zinazofungwa kwa bolti. Rimu, redio, kamera ya nyuma, vitambaa vya viti, kinga ya injini, hata taa za ukungu, fundi atakufungia siku yoyote. Injini, magurudumu manne kuvuta, mifuko ya hewa ya pembeni (ambayo kwenye magari mengi madogo ya Japani ilikuwa ya kulipia zaidi), breki na mfumo wa kuzuia kuteleza, hizo huziongezi baadaye. Lipa pesa kwa kundi la pili. Kundi la kwanza litasubiri.

Jumamosi iliyofuata nilirudi yadi na daftari. Kila Toyota ina kibao cha chuma, kwa baadhi kiko chini ya boneti, kwa mengine kwenye nguzo ya mlango. Kinasomeka kama namba ya toleo la programu. Rangi: 040 ni nyeupe, 1F7 ni fedha. Kisha modeli. Kwa Vitz za kizazi hicho, KSP130 ni injini ya 1000cc, NSP130 ni ya 1300, NCP131 ni RS ya 1500, NHP130 ni haibridi iliyoongezwa 2017. Herufi zinazofuata kistari hubeba aina ya bodi, giaboksi na gredi.

RS ilisomeka NCP131, kama nilivyotarajia. Kisha nikainama kwenye ile ya "F tu". NSP135.

Nilisoma mara mbili. Tano mwishoni maana yake ni magurudumu manne kuvuta. Nyuma hakukuwa na nembo yoyote, na mwuzaji hakujua, au hakujali. Nilimwita fundi wetu, akalala chini ya gari na tochi. "Difu ya nyuma iko," akasema. "Na kutu ni kidogo, ya juu juu tu."

Nitakiri kitu hapa. Hata baada ya kuona hivyo, moyo wangu ulibaki kwa RS. Nilijiona nikiiendesha mimi, Jumapili, kuelekea Nanyuki. Mama aliketi ndani ya zote mbili, akatazama bampa ya RS ilivyokaribia changarawe, akasema, "Baba, hii ni ya nani, yangu au yako?" Swali hilo halina jibu la kiufundi.

Tulichukua F. Zile 150,000 zilizobaki zilinunua matairi manne, kinga ya injini na ekspanda, na nyingine zikarudi benki. Mvua za Aprili zilimkuta tayari. Nilikuwa Nairobi siku ile ya kwanza ya tope, nikapiga simu mara tatu bila kujibiwa, na nilianza kuogopa. Alipopiga yeye saa moja usiku alisema simu ilikuwa kwenye mkoba, na kwamba alipanda mlima akiwa na majirani wawili na gunia la viazi.

Neno la mwisho kwa wanaotafuta sasa. Vitz iliachia nafasi Yaris mwaka 2020, kwa hiyo kwa sheria ya miaka minane, Vitz za mwisho zitaruhusiwa kuingia hadi mwisho wa 2027. Magari yanayofuata yana kamera nyuma ya kioo cha mbele zinazosaidia kufunga breki, na ukibadilisha kioo hicho zinahitaji kupimwa upya. Mpaka kati ya kilichochomelewa na cha bolti unazidi kufifia, maana sasa kuna na cha programu. Nenda na daftari, soma kibao kabla ya kusikiliza mwuzaji, na mwache atakayeendesha akae kwenye kiti.

Kwa leo niishie hapa. Mteja wangu amepiga tena, amebadilisha mawazo.