Kufu na Fedheha: Kisa cha Sayyida Salme baina ya Unguja na Hamburg

Katika Kiswahili cha mwambao, mtu akisemwa kuwa si kufu ya fulani, shauri la posa huwa limekwisha kabla halijaanza. Neno kufu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kulingana. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mizani ya kufu, kama wanasheria wa Kiislamu walivyoiweka, ina upande mmoja tu. Apasaye kupimwa ni mume: je, analingana na mke kwa nasaba, kwa dini, kwa uungwana, pengine hata kwa kazi ya mikono yake? Mke hatakiwi alingane na mume. Mwanamume aweza kuoa chini yake, na mtoto akafuata nasaba ya babaye kama kwamba hapakutokea kitu. Mwanamke akiteremka, wanateremka naye walii wake, nduguze na jina la ukoo mzima.

Kisa cha Sayyida Salme binti Said husimuliwa sana kama hadithi ya mapenzi, na mara nyingine kama tanbihi ndogo katika historia ya Wadachi kuingia Afrika ya Mashariki. Chafaa pia kutazamwa kwa mizani hiyo ya kufu, maana hapo ndipo ugumu wake unapoonekana.

Salme alizaliwa Mtoni, kisiwani Unguja, tarehe 30 Agosti 1844. Babaye alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mamaye, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi wa nchi ya Kaukasi, aliyetekwa angali mtoto akaingia katika nyumba ya Sultani kama mtumwa, na baadaye akawa suria. Hali yake haikuwa ya ajabu katika nyumba ile. Azza binti Seif, mke wa ndoa na mwenye nasaba, hakuzaa. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha, kwa hesabu ya Salme mwenyewe, watoto 36, na wote walikuwa wana wa masuria. Seyyid Majid, aliyetawala Unguja baada yake, alizaliwa na Mcherkasi. Seyyid Barghash, aliyemfuata Majid, alizaliwa na Mhabeshi.

Basi nyumba iliyokuja kumhukumu Salme kwa kuvuka mipaka ya kabila na ya hadhi ilikuwa yenyewe imejengwa, tofali kwa tofali, kwa uhusiano uliovuka mipaka hiyohiyo. Hakuna aliyeuita fedheha. Sheria ilikuwa imekwisha kuuandalia jina na mahali: suria aliyemzalia bwana wake hauziki tena, na mtoto wake ni mwungwana anayerithi sawa na mtoto wa ndoa. Kilichotofautisha tendo la Seyyid Said na tendo la binti yake hakikuwa umbali wa safari bali mwelekeo wake.

Salme hakuwa msichana wa kukaa kimya. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili maandishi ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, wakati ambapo mabinti wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma tu. Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza mara ya kwanza. Mwaka 1859 Barghash alipoasi ili kumpindua nduguye Majid, Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu na ambaye mamaye alifariki mwaka huohuo, ndiye aliyewaandikia barua wale waliokula njama. Maasi yakashindwa. Barghash akapelekwa Bombay, na jamaa wakabaki wamegawanyika. Baadaye Salme akapatana na Majid. Na kwa kupatana naye akawaudhi wale wa upande wa Barghash. Kwa hiyo alipohitaji jamaa wa kumsitiri, walikuwa wachache mno.

Aliporudi kukaa mjini, jirani yake alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyefika Unguja mwaka 1855. Nyumba zilikaribiana, kama zilivyo nyumba za Mji Mkongwe hata leo, ambako paa huzungumza na paa. Katika mwaka 1866 Salme akawa na mimba. Katika tendo moja yalikutana makosa matatu: zinaa, uhusiano na mwanamume asiye Mwislamu, na kuvunja kufu. La kwanza lingeweza kufichwa, kama mengi yalivyofichwa, lau mwanamume angekuwa mtu wa kuozwa haraka. La pili na la tatu yaliufunga mlango huo. Mwanamume Mwislamu ameruhusiwa kumwoa mwanamke Mkristo; mwanamke Mwislamu hakuruhusiwa kuolewa na Mkristo, na palipokosekana ndoa palibaki aibu peke yake.

Aliondoka usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, wakati wa sikukuu ya Siku ya Mwaka, wanawake wa mji walipokuwa wakishuka pwani kuoga kama desturi ya Waswahili ilivyo. Katika wingi ule wa wanawake hakuna aliyetambua nani ni binti wa Sultani. Mashua ikamchukua hadi manowari ya Kiingereza Highflyer, nayo ikampeleka Aden. Waliomsaidia kwa siri ni watu wa ubalozi wa Kiingereza, na katika hao mke wa kaimu balozi, ambaye Salme alikuja kuchukua jina lake la Emily.

Na Ruete je? Alibaki Unguja. Kwa muda wa miezi tisa hivi aliendelea kumaliza shughuli za biashara yake katika mji uleule ambao mwanamke yule asingeweza kukaa bila kuhofia roho yake. Wote wawili walikuwa wametenda jambo moja.

Huko Aden Salme alipokewa na mume na mke Wahispania aliowafahamu tangu Unguja, na mwezi wa Desemba akajifungua mtoto wa kiume. Ruete alifika mwezi wa Mei 1867. Tarehe 30 ya mwezi huo Salme alibatizwa na, siku hiyohiyo, akafunga ndoa. Walipokuwa safarini kwenda Ulaya mtoto yule alifariki. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka Berlin mwaka 1886, Salme hamtaji kabisa mtoto huyo. Mwandishi aliyekumbuka chakula, mavazi, farasi na hata mpangilio wa vyumba vya Mtoni, hakuwa na sentensi moja kwa mwanawe wa kwanza. Katika kitabu chote hakuna mahali paonyeshapo uzito wa ile fedheha kuliko nafasi hiyo tupu.

Yaweza kudhaniwa kwamba Hamburg ilimpokea kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa huko alikuwa Mkristo na mke wa ndoa. Haikuwa hivyo. Alitazamwa kama kioja. Watu walikuja kumwona, wakakodolea macho rangi yake na nywele zake. Ulaya haikuwa na neno kufu, lakini mizani ilikuwepo. Mnamo Agosti 1870 Ruete aligongwa na gari la reli la mjini, lililovutwa na farasi, akafa, akimwacha mjane wa miaka 25 na watoto watatu wadogo, mkubwa wao akiwa na umri wa miaka miwili tu. Sheria ya huko ikamweka mjane chini ya wasimamizi wanaume katika mambo ya mali. Bibi aliyewahi kumiliki mashamba yake mwenyewe Unguja, kama sheria ya Kiislamu inavyomruhusu mwanamke, sasa hakuachiwa fedha za watoto wake. Alihama mji hadi mji, akajaribu kupata riziki kwa kufundisha Kiarabu.

Mwaka uleule wa 1870 Majid alifariki na Barghash akakalia kiti. Salme aliandika, akaomba, akasubiri. Hakudai fungu la babaye, alilokwisha kupewa zamani, bali mirathi ya ndugu waliokufa baada ya yeye kuondoka. Jibu la kisheria lilikuwa rahisi: aliyeritadi hamrithi Mwislamu. Hapo yaonekana kwamba fedheha haikuwa jambo la heshima tupu. Ilikuwa pia na hesabu yake ya fedha, na waliozuia walikuwa ndio wanaofaidi. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alikwenda huko ili amwone. Sir Bartle Frere akamshawishi aache shauri hilo, kwa ahadi ya kusaidiwa elimu ya watoto. Aliacha, na ahadi haikutimizwa.

Miaka kumi baadaye alikumbukwa na serikali nyingine. Agosti 1885 manowari za Kidachi zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash kumlazimisha akubali madai ya Wadachi huko bara, na Salme na watoto wake walikuwamo katika msafara huo. Bismarck hakujali mirathi ya mjane. Alihitaji raia wa Kidachi mwenye malalamiko. Barghash alipokubali yaliyotakiwa, shauri la Salme likatupwa. Nduguye, aliyewahi kumtegemea kwa kalamu, hakumpa ruhusa ya kuonana naye. Watu wa kawaida wa mji, kwa maelezo ya Salme, walimwamkia kwa furaha njiani. Alijaribu tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, akashindwa tena.

Haifai kumfanya Salme malaika kwa sababu alidhulumiwa. Katika kitabu chake ameutetea utumwa wa Waarabu, na amewasema Waafrika kwa dharau iliyo wazi. Mama aliyetekwa, na binti aliyetengwa, havikumfundisha kuwaona watumwa wa Mtoni kuwa watu kama yeye; naye alikuwa na kufu yake. Mwaka 2019 Hamburg iliupa uwanja mmoja jina lake, na mwaka uliofuata ikaamuliwa jina hilo liondolewe kwa ajili ya maneno hayohayo.

Aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, asipokuwa Mzanzibari wala Mdachi kamili. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mumewe, na katika kaburi ukatiwa mfuko wa mchanga aliokuwa amechukua pwani ya Unguja. Jumba la zamani la masultani, lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994, lilimtengea chumba chake, wageni wakawa wanalipa kiingilio ili kukiona.