Kigae chenye Tundu na Nguo za Wazee Wetu

Anayechimba msingi wa nyumba hapa Katoyi, mjini Goma, hukuta mawe ya Nyiragongo. Chombo cha mfumaji hapati. Kwa hiyo vijana wengine husema: wazee wetu hawakujua kufuma, nguo zililetwa na wageni. Ndugu wasomaji, tusihukumu upesi. Tutazame kwanza namna wenye elimu wanavyopima kazi za zamani.

Kule Kilwa, pwani ya Tanzania, Neville Chittick alichimba magofu katika miaka ya 1960. Alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Kigae cha namna hii huvikwa kwenye kijiti. Uzito wake hukizungusha sawasawa, na pamba husokotwa kuwa uzi. Kijiti kimeoza, uzi umeoza. Kigae peke yake kimebaki.

Kigae kisicho na kinywa kitasemaje? Katika chuo kikuu cha Copenhagen, nchi ya Denmark, kituo cha kuchunguza nguo za kale kilianzishwa mwaka 2005. Wataalamu wake walitengeneza mifano ya vizito vya kale, vya gramu 4, 8 na 18, wakawapa wasokotaji wazoefu. Kizito chepesi kilitoa uzi mwembamba, kizito kikubwa uzi mnene. Tena wasokotaji wawili wenye chombo kimoja na sufu moja walitoa nyuzi za kufanana. Basi, uzito wa kigae hutuambia habari za uzi uliopotea. Lakini sufu si pamba. Pamba ya Kilwa yataka majaribio yake yenyewe.

Kwetu Kongo kuna fundisho lingine. Wakuba wa Kasai hufuma nguo za rafia. Nyuzi za jani hupasuliwa tu, hazisokotwi. Wanaume hufuma kwa mtambo wa miti, wanawake hutia mapambo. Urefu wa kitambaa hufuata urefu wa jani, na vipande hushonwa pamoja. Kigae hakihitajiwi. Mtambo ule ukizikwa miaka 500, mchimbaji atakuta udongo tu, naye atasema Wakuba hawakuwa na nguo!

Kutokuta chombo, basi, si ushuhuda kwamba kazi haikuwako. Waseminari na wakatekista, wakati wa likizo ketini karibu na mama anayesuka vikapu au mikeka. Msiulize tu: shikeni majani, mjaribu wenyewe, mwandike ni jani gani, kisu gani, siku ngapi. Vyombo vyake vitaoza. Mikono yake ikisimama, hakuna mchimbaji atakayeikuta.